Kinachowaweka Watoto wa Shule Katika Hatari ya Kuoza Meno: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya wazazi, walezi na walimu wa watoto wenye umri wa kati ya miaka 5 na 9, yaani wale ambao vinywani mwao meno ya utotoni na meno ya ukubwani yanakaa pamoja. Katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utotoni yaliyooza. Inasikitisha kuona idadi kubwa kiasi hicho ikitokana na ugonjwa ambao kwa sehemu kubwa unazuilika, na ndiyo sababu vihatarishi vyake vinastahili kuelezwa kwa kina.

Jino linaozaje hasa? Ni kweli kwamba kuna wadudu wanaolitoboa?

Watu wengi husema jino limeliwa na wadudu, na imani ya mdudu anayechimba jino ni ya kale sana. Mganga wa meno Mfaransa Pierre Fauchard aliipinga mwaka 1728, na mwaka 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyefanya kazi zake Berlin, alieleza kwamba kinacholiharibu jino ni asidi inayotengenezwa na vimelea wa kinywani. Vimelea hao ni bakteria, na anayetajwa zaidi miongoni mwao ni Streptococcus mutans. Huishi ndani ya utando laini unaong'ang'ania juu ya jino, ule ambao mtu huuhisi kwa ulimi asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Mtoto akila kitu chenye sukari, bakteria nao hula, kisha hutoa asidi. Kiwango cha pH kwenye utando, yaani kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi, kikishuka chini ya takribani 5.5, madini ya kalsiamu na fosfeti huanza kutoka kwenye enameli, lile gamba gumu la nje ya jino. Mate huja kuokoa hali hiyo, kwa kuwa huizimua asidi na kurudisha madini yaliyotoka. Kutoka na kurudi huko kwa madini hutokea kila siku katika kinywa cha kila mtu. Jino hutoboka pale ambapo, kwa miezi mingi mfululizo, yanayotoka yanazidi yanayorudi. Karibu kila kihatarishi kitakachotajwa hapa chini hufanya mojawapo ya mambo mawili: ama kinaurefusha muda wa kupoteza madini, ama kinaufupisha muda wa kuyarudisha.

Kihatarishi kikubwa ni kipi: kiasi cha sukari au idadi ya mara ambazo mtoto anaila?

Vyote viwili vina uzito, lakini kwa mtoto wa shule, idadi ya mara ndiyo jambo linalosahauliwa zaidi. Katika miaka ya 1940 mtafiti Robert Stephan alionyesha kwamba baada ya kinywa kupata sukari, pH ya utando huanguka ndani ya dakika chache tu, kisha huchukua nusu saa hadi saa nzima, wakati mwingine zaidi, kurejea ilipokuwa. Mtoto anayekunywa kinywaji kitamu pamoja na chakula cha mchana hulishambulia jino lake mara moja. Mwingine aliyepewa kinywaji kilekile ndani ya chupa, akawa anakinywa fundo moja moja tangu anaingia darasani hadi anatoka, hulikalisha jino ndani ya asidi karibu asubuhi nzima, ingawa sukari waliyokunywa wote wawili ni sawa.

Ushahidi wa jambo hili ulipatikana kwa njia isiyopendeza. Kati ya mwaka 1945 na 1953, katika hospitali ya Vipeholm nchini Uswidi, wagonjwa wenye ulemavu wa akili walilishwa sukari kwa namna mbalimbali ili kuchunguza meno yao, bila wao kuweza kutoa ridhaa. Utafiti huo hauwezi kuhalalishwa. Walichokiona watafiti ni kwamba sukari iliyoliwa pamoja na mlo iliongeza matundu kidogo tu, ilhali pipi zinazonata zilizoliwa kati ya mlo na mlo ziliyaongeza kwa kiwango kikubwa.

Kuhusu kiasi, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo kwenye asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati yote anayoipata mtu kwa siku, na unapendekeza ishushwe chini ya asilimia 5 inapowezekana.

Mtoto wangu hali pipi kabisa. Mbona meno yake yameoza?

Swali hili huulizwa na wazazi waliokwisha kujitahidi, na linahitaji jibu lisilo na lawama ndani yake. Mara nyingi sukari imepitia mlango mwingine. Juisi ya matunda, hata ile isiyoongezwa kitu, ina sukari nyingi na asidi yake yenyewe. Maziwa yenye ladha na mtindi uliotiwa sukari huonekana kuwa chakula cha afya, na kwa mwili huenda vikawa hivyo, lakini bakteria hawatofautishi sukari iliyokuja na maziwa na ile iliyokuja na pipi. Biskuti na vitafunwa vingine vya unga uliokobolewa husagika na kuwa uji mzito unaojibana katika mifereji ya magego, na hubaki humo muda mrefu baada ya mtoto kusahau kwamba alikula.

Jambo jingine la kuulizia ni kile kinachoingia kinywani usiku. Mtu akilala mate hupungua sana, na kinywa hubaki bila mlinzi wake. Kikombe cha maziwa yaliyotiwa sukari kinachonywewa kitandani, baada ya mswaki, hudhuru kuliko kingekuwa kimenywewa mezani saa mbili kabla. Kabla ya kukata tamaa, ni vyema mzazi aandike kwa siku tatu au nne kila kinachoingia kinywani mwa mtoto isipokuwa maji, na saa kilipoingia. Orodha hiyo akimpelekea daktari wa meno, itasaidia kuliko maelezo ya jumla.

Meno ya utotoni yatang'oka tu. Kwa nini tuhangaike nayo?

Kwa sababu hayang'oki yote kwa wakati mmoja, wala hayang'oki mapema kama wengi wanavyodhani. Meno ya mbele huanza kung'oka mtoto akiwa na miaka 6 hivi, lakini magego ya utotoni hukaa hadi miaka 10, 11 au hata 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 5 lina miaka mingi ya kumuuma kabla ya kuondoka lenyewe.

Meno hayo pia ni dhaifu kwa maumbile. Enameli yake ni nyembamba kuliko ile ya meno ya ukubwani, karibu nusu yake, na kiini chenye mishipa ya damu na neva kiko karibu zaidi na uso wa jino, kwa hiyo kuoza husafiri haraka kufika ndani. Maambukizi yakishuka hadi kwenye mzizi, jipu linaweza kuliharibu jino la ukubwani ambalo bado linaumbika chini yake. Jino likilazimika kung'olewa mapema, majirani zake husogea kulijaza pengo, na lile la ukubwani likija hukosa nafasi ya kuchomoza sawasawa.

Kuna hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito kuliko zote. Mtoto ambaye tayari ana jino lililooza, au lililozibwa kwa sababu lilioza, ndiye mwenye uwezekano mkubwa zaidi wa kupata mengine. Miongoni mwa dalili zote ambazo madaktari wa meno huzitumia kubashiri hatari ya mbele, hii ndiyo inayotegemewa kuliko nyingine. Tundu kwenye jino la utotoni ni taarifa kuhusu meno ya ukubwani yanayokuja, na yale hayana wa kuyarithi.

Kwa nini umri wa miaka 6 hadi 8 hutajwa kuwa wa hatari zaidi?

Kwa sababu ya jino moja, au tuseme manne. Mtoto akikaribia miaka 6, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma kabisa, baada ya gego la mwisho la utotoni, juu na chini, kulia na kushoto. Halisukumi jino lolote wala halina jino linalong'oka kulipisha, hivyo hakuna anayelishangilia. Wazazi wengi hulihesabu kuwa jino la utotoni, na wanapogundua kwamba ni la kudumu tayari limetoboka.

Ukitaka kuliona, mketishe mtoto penye mwanga, simama nyuma yake, kichwa chake kikiegemea kifua chako, kisha livute shavu kidogo kwa kidole. Gego jipya utalikuta limejiinamia chini ya usawa wa majirani zake, na huenda kipande cha ufizi bado kimelifunika kwa nyuma kama kofia. Sasa peleka mswaki mbele na nyuma kama mtoto anavyofanya. Utaona nywele za mswaki zinateleza juu ya magego marefu ya utotoni na kulipita lile fupi bila kuligusa. Hali hii inaweza kuendelea kwa mwaka mzima na zaidi, mpaka jino limalize kupanda, na katika muda wote huo mifereji yake mirefu na myembamba hukusanya utando usioguswa. Ili kulifikia, mswaki uingizwe kutoka pembeni mwa kinywa, ukiwa umelala kwa kukingama na safu ya meno, na jino hilo lisuguliwe peke yake.

Enameli changa nayo haijakomaa kikamilifu linapochomoza. Huendelea kupokea madini kutoka kwenye mate kwa miaka michache ya mwanzo, na kwa hiyo katika kipindi hicho huyeyushwa kwa urahisi zaidi.

Mtoto wangu ana miaka 7 na hupiga mswaki mwenyewe. Haitoshi?

Kwa kawaida haitoshi. Mikono ya mtoto wa umri huo haijapata wepesi wa kuufikisha mswaki kila upande, na wataalamu wengi hushauri mtu mzima amsaidie au amsimamie hadi afike miaka 7 au 8, na wengine baada ya hapo kutegemea mtoto mwenyewe. Kipimo kinachofaa ni kwamba mtoto asiyeweza kuandika kwa mkono uliotulia bado hawezi kuyasafisha magego yake vizuri. Mwache aanze yeye, ajivunie kazi yake, kisha mtu mzima amalizie. Kupiga mswaki ni mara 2 kwa siku, na mara isiyoweza kuachwa ni ile ya usiku, baada ya chakula na kinywaji cha mwisho.

Inafaa kuongeza kwamba magego yakishagusana, kuoza huanzia kati ya jino na jino mahali ambapo mswaki haupenyi, na uzi wa kusafishia meno ndio pekee unaoingia hapo.

Dawa ya meno yenye floridi ni salama kwa mtoto? Nimesikia inaharibu meno.

Floridi ndiyo kinga iliyothibitishwa vizuri kuliko zote tulizo nazo. Ikiwepo katika mate na utando hata kwa kiasi kidogo, huharakisha kurudi kwa madini kwenye enameli, na madini yanayojengeka pamoja nayo huvumilia asidi kali zaidi kabla ya kuyeyuka. Kupiga mswaki kwa dawa isiyo na floridi huondoa utando, lakini hulikosesha jino kinga hiyo, na kwa maoni yangu mtoto kukosa floridi ni kihatarishi cha kuhesabiwa bega kwa bega na sukari.

Hofu unayoisikia ina chanzo cha kweli. Mtoto akimeza floridi nyingi mno wakati meno yake ya ukubwani yanaumbika ndani ya taya, meno hayo yanaweza kutoka na mabaka meupe, na kiwango kikizidi sana, ya kahawia. Kwa kawaida chanzo kikuu cha ziada hiyo ni maji ya ardhini yenye floridi nyingi kiasili. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa kila lita ya maji ya kunywa, na familia inayoishi mahali ambapo maji yanajulikana kuzidi kiwango hicho inapaswa kupata ushauri wa daktari wa meno juu ya dawa ya kutumia.

Kwa wengine wote, jambo la msingi ni kipimo. Chagua dawa yenye floridi ya kati ya 1000 na 1500 ppm (sehemu kwa milioni), kiwango ambacho huandikwa kwenye kasha. Mtoto wa chini ya miaka 3 hutosheka na kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere. Afundishwe kutema povu, na akishatema asisukutue kwa maji mengi, kwa sababu akifanya hivyo huiondoa ile floridi iliyokusudiwa kubaki.

Kuoza meno kunarithiwa?

Kwa sehemu tu. Umbo la meno, kina cha mifereji yake na aina ya mate vina mchango wa kurithi. Kuna pia watoto ambao enameli yao ilitengenezwa na kasoro, hasa kwenye magego ya kwanza na meno ya mbele ya ukubwani. Meno hayo hutoka na mabaka ya rangi ya maziwa, manjano au kahawia, huuma yakiguswa na kitu baridi, na humeguka mapema. Mzazi akiyaona mabaka ya namna hiyo kwenye gego linalochomoza, asisubiri tundu ndipo aende kwa daktari.

Kinachofanana zaidi na urithi ni bakteria wenyewe, ambao mtoto huwapata kupitia mate ya wale wanaomlea, kwa kawaida mama. Mama au mlezi mwenye meno yaliyooza yasiyotibiwa huongeza hatari kwa mtoto, na matibabu yake ni sehemu ya kinga ya mtoto. Zaidi ya hayo, familia hurithishana ratiba ya kula na desturi ya mswaki, na hapo ndipo penye uwezekano wa kubadilisha mambo.

Kuna magonjwa au dawa zinazoongeza hatari?

Ndiyo. Dawa za maji za watoto mara nyingi hutiwa sukari ili zimezeke, na mtoto anayezitumia kila siku kwa miezi mingi, hasa usiku, yumo hatarini. Inafaa kumwuliza mfamasia kama ipo isiyo na sukari. Baadhi ya dawa za pumu, za mzio na za kifafa hukausha kinywa. Mtoto anayevuta dawa ya pumu asukutue kwa maji kila anapomaliza. Anayepumulia mdomo kwa sababu pua imeziba naye hukosa mate ya kutosha kwenye meno ya mbele. Watoto wenye ulemavu unaowafanya washindwe kutumia mikono au kuvumilia mswaki kinywani wanahitaji daktari wa meno tangu mapema, kabla ya kuwapo tatizo lolote.

Hali ya maisha ya familia inahusikaje?

Inahusika sana, na haifai kulizunguka jambo hili. Katika nchi nyingi, watoto wa familia zenye kipato kidogo na elimu ndogo ndio wenye matundu mengi na ndio wenye nafasi ndogo ya kutibiwa. Mzazi anayetoka kazini usiku hayupo kusimamia mswaki, na vyakula vitamu vya bei rahisi ndivyo vinavyopatikana karibu. Mwalimu anayemwona mtoto mwenye meno yaliyooza asianze kwa kudhani kwamba nyumbani kuna uzembe.

Nitajuaje mapema, kabla tundu halijatokea?

Mara moja kwa mwezi, inua mdomo wa juu wa mtoto, kausha meno ya mbele kwa kitambaa safi na utazame mstari ambapo jino linakutana na ufizi. Enameli yenye afya hung'aa hata ikiwa kavu. Iliyoanza kupoteza madini huonyesha ukanda mweupe usiong'aa, kama alama ya chaki, unaofuata mviringo wa ufizi. Jino likiwa na mate alama hiyo hujificha, ndiyo maana ya kulikausha kwanza. Hatua hii bado inarudishika kwa floridi, usafi na kupunguza mara za kula sukari. Ukanda ukigeuka kahawia na ukawa laini au umechimbika, mtoto amekwisha kuhitaji matibabu.

Kuna ishara nyingine ambazo si za jino lenyewe: mtoto kutafuna upande mmoja, kukataa vitu baridi, kuamka usiku, au kushindwa kutulia darasani. Watoto wadogo wengi hawasemi kwamba jino linauma, kwa sababu maumivu yamekuwa nao muda mrefu. Uvimbe wa shavu au taya, hasa ukiambatana na homa, haupaswi kulaliwa. Mtoto apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akishindwa kumeza, kupumua au kufungua mdomo, aende mara moja.

Daktari wa meno anaweza kufanya nini kwa mtoto aliye katika hatari kubwa?

Anaweza kuyapaka meno vanishi ya floridi, ambayo huchukua dakika chache, haiumi, na kwa kawaida hurudiwa mara 2 hadi 4 kwa mwaka. Anaweza kuiziba mifereji ya gego la kwanza la ukubwani kwa tabaka jembamba maalumu mara tu linapochomoza vya kutosha, kabla halijaoza. Mzazi asiyeelezwa juu ya kinga hii aiulizie mwenyewe. Penye tundu tayari kwa mtoto asiyevumilia mashine, kuna dawa yenye madini ya fedha na floridi inayopakwa na kusimamisha kuoza. Jino hubaki na doa jeusi, jambo ambalo mzazi anatakiwa kuelezwa kabla. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu, pamoja na dawa ya meno yenye floridi.

Meno ya mtoto wangu yamezibwa yote. Hatari imekwisha?

Bado. Kuziba hurekebisha tundu, lakini ratiba ya kula, utando na upungufu wa floridi vilivyolileta tundu hilo hubaki kama vilivyokuwa, na kuoza kupya hupenda kuanzia pembezoni mwa kizibo. Mtoto wa aina hiyo huhitaji kuonwa mara nyingi kuliko wenzake, pengine kila baada ya miezi 3, na katika ziara hizo daktari atazame hasa yale magego manne ya nyuma yaliyochomoza karibuni.